Watakapokuuliza Habari za Upande wa Baba

Kasingirima, Alhamisi mchana

Mwanangu Riziki,

Umekwenda kusukwa, na msusi wako huongea kuliko anavyosuka, kwa hiyo najua nina saa tatu nzima. Nimekaa mezani na daftari lako la shule lililobaki na kurasa. Mwandiko wangu utauvumilia, mkono huu umezoea penseli ya kupigia mistari kwenye mbao za boti. Mama yako yuko kizingitini anapeta mchele, na kila nikikohoa anageuka kunitazama. Kaniambia jambo moja tu: "Baba Shabani, andika yote au usiandike kabisa."

Mambo ya safari sina la kuongeza. Migebuka na mawese aliyokufungia mama yako yanatosha kulisha behewa zima, na wewe si mtoto wa kuambiwa ushike begi lako kwenye treni. Nakuandikia yale ambayo nikiyasema uso kwa uso nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti utanyamaza, kama ulivyozoea kunyamaza humu ndani. Sitaki unyamaze. Soma ukiwa umeshapita Tabora, mahali ambapo siwezi kukufikia.

Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, kule hospitali wataniuliza nini?" Nikakujibu, "Watakuuliza jina." Ukacheka. Mama yako hakucheka, aliinuka akaenda kuosha mikono na alikuwa bado hajamaliza kula. Ukweli ni kwamba najua watakachokuuliza, kwa sababu nilishakaa kwenye kiti cha namna hiyo, na nilitolewa pale baada ya kumpiga mama yako kibao cha uso mbele ya mshauri.

Wewe na Idrisa mmekubaliana kwamba kabla ya ndoa mtakwenda kukaa na mshauri wa mambo ya damu, maana wewe unabeba siko seli na yeye hajui kama anabeba. Ni akili ambayo mimi na mama yako hatukuwa nayo. Lakini utafika pale na nusu ya habari. Nusu nyingine nimeikalia mimi, na mtu akipeleka habari za uongo kwa mshauri atarudi na ushauri wa ukoo wa watu wengine. Hilo tu ndilo linalonitoa jasho mchana huu.

Inavyokuwa ni hivi. Mshauri atakukaribisha, atafunga mlango, atasema mtakayozungumza yatabaki humo. Kisha atachukua karatasi nyeupe. Mwanamume anamchora mraba, mwanamke duara. Mwenye ugonjwa anamjaza wino, anayebeba tu anamjaza nusu, aliyekufa anampigia mstari wa kukatisha. Ataanza na wewe, atapanda kwa wazazi wako, atatoka pembeni kwa shangazi na wajomba, atashuka kwa watoto wao. Atauliza nani alikufa, alikuwa na umri gani, alianza kuumwa vipi. Atauliza mimba zilizoharibika. Atauliza kama mimi na mama yako ni ndugu, na jibu ni hapana. Usione anakuchimba. Kwetu mtu anayeuliza sana habari za wafu anatafuta urithi au ugomvi, lakini yule anatafuta damu ilipita wapi.

Na atauliza idadi. Hapo ndipo mimi nilianza kuharibu. Unajua kwetu hatuhesabu watoto, mtoto aliyehesabiwa ni kama ameshaonyeshwa kwa wabaya. Dada yule wa hospitali, ndiye mshauri wetu, binti mdogo kuliko ulivyo wewe leo kwa umbo, aliuliza, "Mmejaliwa watoto wangapi?"

"Mungu ametupa," nikasema.

"Amewapa wangapi?"

"Wa kututosha."

Akaweka kalamu chini. "Baba, siwahesabu ili niwachukue."

Basi leo nawahesabu mwenyewe. Tulizaa wawili, Shabani na wewe.

Shabani alipofika miezi minane vidole vyake vilivimba, vya mikono na vya miguu, vikawa vinene na vya moto, na akalia siku mbili bila kunyamaza. Mama yako alisema hospitali. Mimi nikasema hospitali watampa dawa ya malaria, nami sikuwa mjinga. Nikampeleka kwa mganga mmoja njia ya Kasulu, mbele ya Kidahwe. Mganga akatazama vile vidole, akasema ni damu chafu imetumwa, ikikaa itafika moyoni, itolewe leo. Akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akatuonyesha, akajisifu kwamba kwake kila mtoto ana wembe wake.

Mama yako alikataa kumshika mtoto. Nikamnyang'anya. Nikamlaza mwanangu juu ya gunia, nikambana miguu kwa kiwiko, nikamfungua viganja kwa nguvu, na mganga akamchanja. Kila kidole, chale mbili. Unajua kidole cha mtoto wa miezi minane kilivyo. Damu ilitoka nyingi kuliko mganga alivyotegemea, ikapita kwenye gunia ikaingia kwenye suruali yangu. Mama yako alikuwa nje akipiga mlango kwa mateke. Katikati ya kazi Shabani aliacha kulia, na mimi nikasema, alhamdulilahi, dawa imeshika. Alikuwa amezimia.

Kwenye ile picha ya ukutani kaka yako ameficha mikono nyuma. Mpiga picha alimwambia aiweke mbele, akakataa. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini amesimama kama askari, nami nikakujibu alikuwa mtoto wa adabu.

Alikua hivyo hivyo. Macho ya manjano, tumbo kubwa, leo anacheza, kesho anajikunja anashika miguu akisema inamkata. Na hapo ndipo anaingia shangazi yako Zuhura.

Zuhura ni dada yangu wa tumbo moja, amenizidi miaka minne, ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akienda shamba. Wewe umelelewa ukivuka barabara kumkwepa. Nilikufundisha ukikutana naye usimwamkie na usipokee kitu chake, kwa kuwa ndiye aliyemla kaka yako. Ulikuwa na miaka saba ulipomtupia jiwe pale sokoni Ujiji, ukaja kuniambia kwa furaha, nami nikakununulia soda. Hilo ni langu, mama, usilichukue wewe.

Hoja yangu ilikuwa hii, nakuandikia kama nilivyoiamini. Zuhura alizaa wawili huko Bangwe. Wote walivimba vidole, wote macho yakawa ya manjano, wote wakafa. Kisha wangu naye akavimba vidole, naye macho yakawa ya manjano. Na kila Shabani alipozidiwa Zuhura alitokea na bakuli la uji kabla hatujampelekea habari. Mganga aliniuliza, "Nani huja kwako bila kuitwa?" Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilijiona nina ushahidi kuliko hakimu: kamaliza wake, sasa anamalizia wangu.

Alikuja bila kuitwa kwa sababu alikuwa ameshaona mara mbili. Alikuwa akimtazama Shabani mchana anajua usiku itakuwaje. Hayo nimeyajua baadaye sana.

Nilikwenda Bangwe asubuhi, jua limeshapanda, watu wako kazini. Nilikuwa na tezo yangu ya kuchongea mbao, ile nzito. Zuhura alikuwa ameinama anaanika dagaa. Akaniona, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Karibu mdogo wangu. Mtoto ameamkaje?" Nikampiga. Watu husema nilimpiga mkono, na nimewaacha waseme hivyo kwa sababu inapendeza kidogo. Nililenga kichwa, Riziki. Yeye ndiye aliyeinua mkono wa kulia, na tezo ikatua chini ya kiwiko, mfupa ukalia. Nikapiga tena akiwa ameanguka juu ya dagaa, ikamkata begani. Pigo la tatu lilipata mawe kwa sababu wavuvi wawili walikuwa wamenikamata. Wengine waliokuwepo walisema niachwe nimalize. Zuhura hakupiga kelele wala kunitukana. Aliniita jina langu la utotoni, ambalo mama yako mwenyewe halijui.

Askari walipokwenda kumuuliza alisema ameteleza kwenye mawe akichota maji. Watu wote wa mwambao ule wakasema ndiyo, mawe yale yanateleza. Mume wake alimwacha mwezi huo huo, hataki mke mchawi na kilema juu yake. Mfupa uliunga vibaya. Mimi nilirudi nyumbani nikala, nikalala, nikaamka na hamu ya kazi.

Mtu mwenye akili angeona kwamba mchawi ameshavunjwa na mtoto bado anaumwa. Mimi niliona sikupiga vya kutosha.

Miezi mitano baadaye Shabani alipata homa na kifua. Alikuwa na miaka sita, wewe mitatu. Mama yako alimfunga mgongoni, akashika njia ya hospitali. Nikamrudisha ndani, nikafunga kufuli, ufunguo nikatia mfukoni, kwa kuwa mganga alisema dawa yake haitaki sindano kwa siku tatu. Siku ya pili mama yako alinirukia shingoni. Alikuwa na nguvu ambazo sikuwahi kuziona kwake, alinichana hapa chini ya sikio. Nikampiga mpaka akaangukia jiko la mkaa. Lile kovu la paja analosema ni la chai, si la chai. Wewe ulikuwa umekaa kona ile penye mtungi, na ulikuwa umejiziba masikio kwa mikono yako. Shabani alikuwa kitandani anatuangalia, na akasema, "Baba, mwache, mimi nimepona."

Siku ya tatu nilifungua mlango. Alikufa juu ya pikipiki, katikati yangu na dereva, kabla hatujafika hospitali. Nilimsikia alivyoacha kupumua mgongoni kwa dereva, nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Sasa turudi kwenye kile kiti. Baada ya arobaini mama yako alikubeba akaenda peke yake kwa daktari, akamwambia, "Nipimie huyu kabla baba yake hajajua." Wakakupima, wakakuta unabeba ila huumwi, kisha wakaomba wazazi wote wawili waje kuzungumza na mshauri. Mama yako aliniambia tunakwenda kuchukua cheti cha kifo, ndiyo nikavaa kanzu nikaenda. Watu hufikiri wanawake wa nyumba hii hawajui kusema uongo, basi huo ulikuwa uongo wa maana kuliko ukweli wangu wote.

Dada yule alichora upande wa mama yako, ukajaa. Akaja kwangu.

"Upande wa baba?"

"Safi. Kwetu hakuna maradhi."

"Una ndugu?"

"Dada mmoja."

"Ana watoto?"

"Hana."

Ukiliangalia kwa jicho moja halikuwa uongo, maana walikuwa wameshakufa. Mama yako akasema kwa sauti ndogo, "Alizaa wawili. Walikufa kama Shabani." Nikampiga kibao pale pale kwenye kiti. Damu ya mdomo ikarukia ile karatasi.

Dada yule hakupiga kelele. Alisimama, akafungua mlango, akasema, "Baba, toka nje. Mama atabaki na mimi." Nilitoka. Mpaka leo sijui kwa nini nilitoka, labda kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunifukuza bila kuniogopa. Nikakaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto wachanga, kila mmoja akivuta kanga yake kuniachia nafasi ambayo sikuiomba.

Mama yako alitoka na karatasi imekunjwa. Nyumbani nikamnyang'anya, nikaikunjua ili niichane, lakini kabla ya kuichana niliisoma. Walikuwepo watoto wa Zuhura wawili, wamejazwa wino, wamekatwa mstari. Kutoka kwao mstari ulipanda kwa Zuhura, ukapanda kwa baba na mama yetu, ukashuka kwangu, ukashuka kwa Shabani. Kwenye mraba wangu ameweka alama ya kuuliza. Ule ushahidi wangu wote niliomvunjia dada yangu mkono ulikuwa umechorwa pale kwa kalamu ya buluu, na njia ilipita kwangu. Nikaichana vipande vidogo. Mama yako akaenda ndani akarudi na nyingine, dada yule alimchorea mbili.

Nilikaa mwaka mzima ndipo nikaenda kupimwa, kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Ni damu kidogo tu ya mkononi, kisha unangoja siku kadhaa. Majibu yakaja: nabeba. Shabani alichukua kwa mama yake na akachukua kwangu, sawa kwa sawa. Dada yule aliniambia mara mbili kwamba kubeba si kosa la mtu, hakuna aliyechagua damu yake. Hilo nalikubali. Yaliyobaki nilichagua. Nilimkata mwanangu vidole, nikamvunja dada yangu, nikamuunguza mke wangu, na nilichokuwa nakitafuta kwao kilikuwa mwilini mwangu tangu nizaliwe. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio kilipita nyumbani kwangu mara moja na kwa dada yangu mara mbili, na bado nilikuwa naficha, hata siku ile nilipokununulia soda nilikuwa nimeshajua.

Mshauri wako atakueleza habari za robo. Wote wawili mkibeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuumwa, mbili katika nne ya kubeba kama wewe, na moja ya kuwa hana kabisa. Mimi niliposikia nikapiga hesabu ya kifundi: mmoja katika wanne, Shabani ameshakuwa huyo mmoja, Riziki ni wa pili, basi wawili wanaofuata ni salama. Nikamwambia dada yule namshukuru, nakwenda kumwambia mke wangu tuzae. Akanizuia mlangoni. Akasema kila mimba inaanza upya, haikumbuki iliyotangulia, mnaweza kupata wote wazima na mnaweza kupata wote wagonjwa. Nilimfanya arudie mara tatu, na wewe mfanye arudie ikibidi, hawachoki. Mama yako nilipomweleza alisema tumbo ni lake na limefungwa. Ilikuwa mara ya kwanza ananiambia hapana na mimi nikakaa chini.

Idrisa akikutwa habebi kitu, hamtazaa mtoto wa siko seli, ingawa wengine wanaweza kubeba kama wewe. Waulize pia kama ana kasoro nyingine ya damu, maana nilisikia zipo zinazokutana vibaya na hii yetu. Na usingoje mshauri akuambie muoane au msioane. Mimi nilikwenda nikitaka hukumu, anyooshe kidole aseme ni huyu. Aliponiambia, "Kuamua ni kwenu, mimi nawapa mwanga tu," nilimwona hana kazi. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wanahukumu. Hawahukumu, na ndiyo maana unaweza kuwaambia kila kitu.

Idrisa simjui. Namjua kwa shikamoo zake za simu, na mimi nilikuwa na shikamoo tamu kuliko zake mbele ya wakwe. Kwa hiyo nikuambie kama fundi anayejua ubao uliooza: siku ya majibu kaa kiti cha karibu na mlango. Mtazame anapoambiwa. Akilia ni sawa, akikasirika ni sawa, habari ile inakasirisha mtu yeyote. Wewe tazama anamtafuta nani. Akianza kuuliza ni nani wa upande wako aliyeleta haya, akigeuza macho akutafute wewe, au mama yako, au mama yake, simama utoke, na usirudi kuchukua mkoba. Mimi kabla yule dada hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshampata mtu wa kumpiga. Sina la kukufundisha kuhusu ndoa zaidi ya hilo, na nimelijua kwa gharama ya watu wengine.

Baba yangu naye alipiga. Alimpiga mama yetu kwa kasia, na Zuhura alikuwa ananifunika kwa mwili wake. Sikuandikii hili unihurumie. Mshauri akikuuliza kama upande wa baba kuna jingine, mwambie na hilo, hata kama hana mahali pa kulichora.

Nimebakiza jambo moja. Karatasi ile ya mama yako ina mistari ya watoto wa Zuhura lakini haina majina, wala umri, wala walivyokufa, kwa sababu mama yako hakujua na mimi sikuwahi kuuliza. Watakuuliza wewe. Jana nilikwenda Bangwe. Nilisimama mbali na chanja lake la dagaa mikono ikiwa wazi ili aione.

"Shikamoo dada."

Alinitazama mikono. Akaendelea kugeuza dagaa. Nikasimama mpaka jua likaniuma shingo.

"Nimekuja kukuuliza habari za watoto wako."

"Ulishakuja kuniuliza. Ulikuja na tezo."

"Riziki anakwenda hospitali ya huko aendako, kuzungumza na mshauri kabla ya ndoa. Watataka kujua."

Hapo akaacha kazi. "Anaumwa?"

"Haumwi. Anabeba. Kama wewe." Kisha nikasema, "Kama mimi."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia yote, polepole, mimi nikiandika kwenye kiganja kwa penseli yangu. Nakunakilia hapa, mpe mshauri kama yalivyo. Wa kwanza Mwasiti, wa kike, alikufa ana miaka minne, homa na kifua siku mbili, hakuweza kuvuta pumzi. Wa pili Sefu, wa kiume, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Aliamka mzima, mchana akapauka ghafla, tumbo upande wa kushoto likajaa, magharibi hakuwepo. Wote wawili walivimba vidole kabla ya mwaka. Alipomaliza akasema, "Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza walikufaje. Wengine wote waliniuliza niliwauaje."

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Akaniambia niinuke, nawazibia dagaa jua. Msamaha hakunipa, na sikutumi uniombee. Nilipokuwa naondoka akauliza treni ni lini, nikamwambia Ijumaa. Akasema atakuja stesheni. Hakuniomba ruhusa na mimi sikuwa na ya kumpa.

Kwa hiyo kesho, ukiwa bado hujaisoma barua hii, nitakushika bega na kukuambia mtu fulani anakuja, mwamkie wewe kwanza. Utashangaa, na watu wa mtaa wataangalia, maana mji mzima unajua nilivyokulea. Atakupa mkono wa kushoto. Usidhani anakudharau, na usingoje wa kulia. Ushike kwa mikono yako yote miwili.

Baba yako,
Ramadhani